ADABU YA KUWASHANGILIA WAIMBAJI NA WAPIGA NYATITI
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Rangwe



Nimeagizwa na Halmashauri niseme maneno machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, yaani ni wakati gani inafaa kumpigia makofi mwimbaji. Jambo hili si dogo, kwa maana ndani yake mna heshima ya mtu na riziki yake pia.

Wako vijana waliorudi kutoka mijini wasemao kwamba muungwana hukaa kimya mpaka muziki uishe kabisa, ndipo apige makofi. Desturi hiyo ni njema mahali pake, lakini hata Ulaya haikuwako tangu mwanzo. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya muziki wake. Kimya kile kilishika baadaye, katika karne ya 19 na ya 20. Basi tusidhani ya kuwa wazee wetu walikosa adabu.

Sisi tunayo kawaida yetu. Mpiga nyatiti huketi juu ya kigoda kifupi, akazicharaza nyuzi 8, na pete ya chuma katika kidole cha mguu ikagonga chombo chenyewe kutoa mdundo. Msikilizaji akiguswa humsimamisha, akatoa fedha, kisha akajisifu, akawasifu na rafiki na shemeji zake, ndiyo pakruok. Akimaliza, nyatiti huendelea. Kusimamisha huko ndiko kupiga makofi kwetu, na zaidi ya hayo ndiyo malipo ya mpigaji. Unguja nako, katika taarabu, msikilizaji huinuka akamtunza mwimbaji fedha huku wimbo ukiendelea.

Sasa itazameni hatari iliyopo. Tukimwalika mzee wa nyatiti katika ukumbi wa shule, tukanyamaza kama tuko kanisani, tukampigia makofi mwishoni, atarudi kwake usiku mikono mitupu. Makofi hayanunui unga. Lakini tukiitia pakruok katikati ya wimbo wa kwaya ya watoto, tutawavuruga, kwa kuwa wao huufuata mkono wa mwalimu, wala hawatajua pa kuanzia tena. Tena pakruok yenyewe ina mpaka: mtu akijisifu kwa fedha ya karo ya mtoto wake, au akimtukana jirani, ameiharibu.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kwaya isikilizwe kimya hata mwalimu ashushe mkono, ndipo makofi na sigalagala zipigwe. Pili, nyatiti, orutu na ohangla ziachiwe pakruok yake, kila mtu kwa maneno mafupi yasiyo na matusi. Tatu, mpigaji akialikwa mahali ambapo pakruok haitaruhusiwa, Chama kipatane naye ujira mapema, mbele ya mashahidi.

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Mpiga nyatiti akitoka Rangwe bila kutunzwa, tutakuwa tumemwambia kwamba hapa si kwao.