Jiliwa la bolti mbili

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Leo naongea na wachongaji na maseremala. Lakini wewe mama mwenye kijana anayekaa chini ya mti akichonga miiko ya kuuza, tafadhali usizime redio. Jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Baba yangu ni mchongaji. Kule Fizi alikuwa na meza ya kazi, na juu yake jiliwa la chuma. Kwa wasiolijua jina hilo, jiliwa ni kile kifaa chenye mataya mawili kinachobana mti usiteleze. Wengi hapa mnakiita vaisi. Tulipokimbia hatukuweza kulibeba, maana ni zito kama mtoto wa miaka miwili, na mtoto wa miaka miwili tulikuwa naye tayari.

Hapa kambini baba akaanza kufanya kazi kama wengi wenu. Anakaa chini, anabana mti kwa nyayo, mkono wa kushoto unashika kichwa cha mwiko na wa kulia unasukuma patasi. Siku moja mti ulizunguka na patasi ikaingia kwenye kiganja. Hospitali walimshona vizuri, lakini kano za vidole viwili zilikuwa zimekatika, na hadi leo vidole hivyo havikunji. Mteja aliyekuwa ametoa malipo ya awali ya viti vitatu alirudishiwa pesa yake. Miezi minne patasi zilikaa ndani ya gunia.

Mimi si fundi, nilimaliza kidato cha nne tu. Lakini nilikumbuka somo la fizikia kwamba meno ya bolti ni mteremko uliozungushwa kwenye chuma. Ukiwa na bolti ya milimita 12, nati ikizunguka mara moja inasogea chini ya milimita 2. Kama nati hiyo ina mpini wa mbao wa sentimita 11, ncha ya mpini imetembea karibu sentimita 35. Safari yote hiyo ya mkono inageuka kuwa nguvu ya kubana, ingawa msuguano unakula sehemu kubwa. Kwa hiyo hata mkono wenye vidole vitatu vinavyofanya kazi unaweza kubana mti kwa nguvu.

La kwanza nililotengeneza lilikuwa na bolti moja katikati. Halikufaa kitu. Taya la mbele liliinama upande, mwiko ukazunguka kama pangaboi, na baba akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. La pili lina bolti mbili, na hilo ndilo ninalotaka ulitengeneze.

Tafuta vipande viwili vya mti mgumu vyenye unene wa sentimita 5 na upana wa sentimita 12. Kimoja kiwe na urefu wa sentimita 70, nacho ni taya la nyuma. Kingine sentimita 50, taya la mbele. Mathenge unafaa sana, ni mgumu na haupindi ovyo ukikauka. Usiende kukata mwenyewe, nunua kwa wenyeji wanaouza kuni. Chagua gogo lililonyooka, na angalia miiba yake, ikikuchoma unavimba siku kadhaa. Kama mti bado mbichi, paka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili ukauke polepole bila kupasuka.

Chuma chenye meno tangu mwanzo hadi mwisho kinauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kata vipande viwili vya sentimita 30. Ukipata bolti ndefu kwa wauza vyuma chakavu ni sawa pia, ila tazama meno yameishia wapi. Kama nusu ya bolti ni laini, jiliwa halitafunga hadi mwisho, na utalazimika kuweka kibao cha kujazia kila unapobana kitu chembamba.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Toboa matundu mawili, kutoka moja hadi jingine sentimita 36. Kwenye taya la nyuma tundu liwe la kubana, bolti iingie kwa nyundo. Nyuma yake chonga shimo la pembe sita, nati izame humo isizunguke. Lakini kwenye taya la mbele tundu liwe pana kidogo, milimita 16, kisha ulirefushe kwa patasi kushoto na kulia liwe kama yai. Kwa nini? Mwiko ni mnene kichwani na mwembamba mkiani. Tundu likiwa la kubana, taya haliwezi kuinama, nalo litashika kichwa tu. Tundu la yai linaruhusu upande mmoja ufunge zaidi ya mwingine. Kila bolti unaikaza peke yake, na jiliwa linafuata umbo la kazi yako.

Kama huna drili, chuma chekundu cha moto kinatoboa. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na ndoo ya maji karibu. Nyumba zetu zinashika moto haraka.

Nati za mbele zipigilie ndani ya vipande vya mti mgumu vya sentimita 11 vilivyochongwa pembe sita katikati, na hiyo ndiyo mipini. Usizidishe urefu, la sivyo itagonga meza ikizunguka. Kati ya mpini na taya weka kibati cha duara, kile mafundi wanachoita washa, nati isile mbao. Ndani ya mataya gundisha tyubu ya baiskeli, isiache alama kwenye kazi. Kwenye meno ya chuma paka sabuni kavu. Wengine watakuambia oili, lakini kwa vumbi la Kakuma oili inageuka matope ya kusaga chuma.

Wale mnaokereza viguu vya stuli kwa kerezo la miguu, chongeni mfereji wenye umbo la V katikati ya kila taya, kuanzia juu hadi chini. Mti wa mviringo unasimama humo imara mnapouandaa kabla ya kukereza.

Sasa kulifunga. Taya la nyuma lina sentimita 10 za ziada kila upande. Zifunge mezani kwa kamba, kisha pigilia kabari chini ya kamba. Misumari inalegea. Tena sisi mafuriko ya laga ya Tarach yametuhamisha mara mbili, kwa hiyo nilitaka kitu ninachoweza kukifungua usiku na kukibeba.

Ukishabana, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Baba sasa anaongoza patasi kwa ule mkono wa kushoto na kuisukuma kwa wa kulia. Mti haushiki tena. Mwezi uliopita alimaliza viti vile vitatu, na mteja ni yuleyule.

Ukitaka kuliona, njoo Jumamosi saa tatu asubuhi nyuma ya studio yetu na kipande chako cha mti. Ikiwa ni siku ya mgao wa chakula usije, hatutakuwepo.

(Muziki unapanda.)