Ua Uliotunzwa na Ua Uliofananishwa: Mhadhara juu ya Vyama vya Wenye Nyumba Marekani



Katika sheria za ardhi nimechagua kuzungumzia kipande kidogo sana cha ardhi: zile hatua chache kati ya mlango wa nyumba na barabara, katika mitaa ya Marekani inayosimamiwa na vyama vya wenye nyumba. Watu zaidi ya milioni 70 nchini humo wanaishi chini ya vyama vya namna hiyo, wakiwemo wa kwenye fleti. Hoja yangu ni moja. Kumtaka mtu atunze ua wake ni haki ya jirani. Kutaka ua wake ufanane na wa jirani ni jambo jingine kabisa, na kwa miaka mingi vyama hivi vimedai la pili kwa jina la la kwanza.

Mfumo wenyewe huanza kabla ya nyumba kuuzwa. Mjenzi hununua eneo kubwa, hukata viwanja, kisha huandikisha masharti katika kumbukumbu za ardhi za kaunti. Masharti hayo hufuata ardhi: kila anayenunua anayarithi, awe ameyasoma au hakuyasoma. Humo mnaweza kukuta urefu wa nyasi, aina ya miti inayoruhusiwa, hata rangi ya matandazo ya kwenye vitalu vya maua. Bodi ya majirani waliochaguliwa ndiyo inayosimamia, mara nyingi kwa kuajiri kampuni ambayo mkaguzi wake hupita na gari akipiga picha. Ua ukionekana na kasoro, barua hutumwa, ikipuuzwa, faini. Ada za chama zisipolipwa, deni huandikwa juu ya nyumba yenyewe, na nyumba inaweza kunadiwa.

Nyasi hizi zina historia, na si historia safi. Mwishoni mwa miaka ya 1860, msanifu wa bustani Frederick Law Olmsted alipochora mji wa Riverside, Illinois, alitaka nyumba zikae nyuma, futi 30 kutoka barabarani, ili mtaa mzima uonekane kama bustani moja. Hilo lilikuwa wazo la mpenda miti. Lakini tazameni Levittown, New York, iliyoanza mwaka 1947. Mkazi alitakiwa kufyeka nyasi kila wiki katika msimu wake, na uzio ulipigwa marufuku. Mikataba ya awali ilikataza pia nyumba kutumiwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Sharti la nyasi na sharti la rangi ya ngozi yalikaa kwenye mkataba mmoja, yakilinda kitu kilekile, yaani thamani ya nyumba kama mnunuzi mweupe alivyoiona. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama Kuu ya Marekani ilizikataza mahakama kutekeleza masharti ya ubaguzi wa rangi. Sharti la nyasi likabaki.

Jinsi lilivyobaki, tulione Florida. Oktoba 2008, katika kaunti ya Pasco, mzee wa miaka 66 alifungwa jela kwa sababu ya nyasi zilizokauka mbele ya nyumba yake. Chama kilikuwa kimemshtaki, hakimu akamwamuru apande nyasi upya, muda ukapita bila amri kutimizwa, naye akahesabiwa ameidharau mahakama. Alieleza kwamba hana uwezo. Malipo ya mkopo wa nyumba yalikuwa yamepanda, na huo ndio mwaka nyumba nyingi za Florida zilipokuwa zikitwaliwa na benki. Habari zilipoenea, watu wa mtaani walijitokeza na mizigo ya nyasi, wakaupanda ua ule kwa mikono yao, na mzee akaachiliwa. Kila mara ninapoifundisha kesi hii nauliza swali lilelile: kwa nini msaada ulisubiri jela? Mkaguzi aliona rangi ya nyasi. Taratibu zote za chama hazikuwa na mahali pa kuuliza mwenye nyumba amepatwa na nini.

Sidharau hofu ya majirani. Maji yaliyotuama huzaa mbu, kichaka hufuga panya, na California majani makavu yaliyosogea ukutani hualika moto. Haya ni madhara, na chama kina haki ya kuyakemea. Nyasi fupi za kijani hazimo katika orodha hiyo.

Tena hata kinachoitwa magugu hutegemea aliyeandika sharti. Ukoka unaotandazwa kwenye nyua za majimbo ya kusini, kule ukijulikana kwa jina la Bermuda, haukuzaliwa Marekani. Nyasi za Kikuyu, asili yake nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndizo zilizotanda kiwanja cha gofu cha Riviera, Los Angeles. Katika bustani za nyumbani jijini humohumo watu hununua dawa za kuziua. Na gharama ya kuzimwagilia nyasi maji ni kubwa, maana zimeenea sana. Utafiti ulioongozwa na Cristina Milesi mwaka 2005 ulikadiria kwamba nyasi za mapambo zimefunika takriban kilomita za mraba 160,000, mara tatu ya eneo la mahindi yanayomwagiliwa nchini humo.

Ukame ndio ulioanza kuzilazimisha serikali za majimbo kutenganisha utunzaji na ufanano. Texas, mwaka 2013, ilivizuia vyama kukataza bustani za mimea inayostahimili ukame. California, mwaka 2014, ikavikataza kumtoza faini mkazi aliyepunguza kumwagilia wakati wa dharura ya ukame. Maryland ikafuata mwaka 2021, baada ya wanandoa wa mji wa Columbia jimboni humo walioamriwa na chama chao kurudisha nyasi mahali pa maua ya asili kukataa na kwenda mahakamani. Nakiona kisa hicho kuwa muhimu kuliko vyote, kwa kuwa ua wao haukuwa umetelekezwa. Ulikuwa umetunzwa kwa bidii, ila haukufanana.

Katika mitaa ya vyama huko Florida, chakula bado hakijapata kinga ya namna hiyo. Mji wa Miami Shores ulipowalazimisha wanandoa kung'oa mboga walizolima mbele ya nyumba kwa miaka 17, Florida ilijibu kwa sheria ya 2019 inayozizuia serikali za miji na kaunti kupiga marufuku bustani za mboga majumbani. Sheria hiyo haivigusi vyama vya wenye nyumba. Mtu huyohuyo akihamia mtaa wenye chama, bamia zake zinaweza kuandikiwa barua wiki ya kwanza. Mimi nasema kinga hiyo ifike hadi huko, pamoja na wajibu wake: shamba lipaliliwe, maji yasituame, na mabua yaondolewe mavuno yakiisha.