Usukani Unaovuja Mafuta

Nyinyi wa Mahurunga na vijiji vyote vya bonde la Ruvuma, najua msimu wa korosho ukikaribia mnaanza kuulizana habari za gari. Basi leo tuache kidogo mbegu na dawa, tuzungumze juu ya gari kuukuu, mathalani Land Rover 110 na mengine ya aina yake yenye usukani wa pawa, yaani usukani unaosaidiwa na mafuta.

Asubuhi unakuta doa la mafuta mchangani chini ya bampa ya mbele. Dereva anasema, "Hilo dogo tu, tutaongeza." Anaongeza leo, anaongeza kesho kutwa. Siku moja, gari limejaa magunia na mnateremka kuelekea bondeni, chombo cha mafuta kinakauka. Usukani haukatiki, lakini unakuwa mzito ghafla, na dereva aliyezoea kuuzungusha kwa mkono mmoja hawahi kona. Hapo si mafuta tena yanayopotea. Pampu nayo ikizunguka kavu haidumu.

Haya, tuanze. Kabla ya kununua sili yoyote, jua kwanza mafuta yanatoka wapi. Mafuta hutambaa kwenda chini, kwa hiyo tone linaloanguka chini ya boksi la usukani huenda limeanzia juu kabisa, kwenye paipu iliyolegea. Osha boksi na paipu zake kwa sabuni, kausha vizuri kwa tambara, kisha pakaza unga mkavu. Unga wa muhogo unafaa, ila chukua kidogo, mama watoto asije akatuombea mabaya redioni. Mtu mmoja awashe injini na kuzungusha usukani kulia na kushoto, wewe utazame ukiwa pembeni, si chini ya gari. Unga utalowa pale mafuta yanapoanzia. Usipapase paipu kwa kiganja injini ikiwa inanguruma, maana mafuta yale yana nguvu ya kupenya ngozi.

Kama ni kwenye maungio ya paipu, pengine kukaza nati kunatosha, au kubadili paipu iliyochakaa. Kama ni juu, kwenye kifuniko cha boksi, ni gasketi. Lakini kwa magari yetu haya, mara nyingi ni chini, pale shafti inapotoka kushika ule mkono mnene wa usukani.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Wanaweka sili mpya, baada ya mwezi inavuja tena, wanamlaumu muuza duka. Sili si mkosaji. Gari la kwetu linapita mchanga, linaingia tope la mpunga, linakwenda pwani kuchukua samaki na kurudi na maji ya chumvi. Mpira wa vumbi ukipasuka, uchafu ule unakaa kwenye shafti na kutu inaichimba. Mpira wa sili mpya ukisugua juu ya vishimo hivyo unalika upesi. Kwa hiyo sili ya zamani ikishatoka, safisha shafti na upitishe ukucha mahali sili inapokaa. Ukucha ukiteleza, endelea. Ukikwama, usiweke sili mpya kwa matumaini. Fundi mwenye vifaa aivalishe shafti bushi nyembamba ya chuma, au ibadilishwe.

Kuifikia sili hiyo kunataka subira. Panga magogo imara chini ya fremu. Kwenye mchanga wetu jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Fungua nati kubwa ya mkono wa usukani, kisha weka alama kwenye mkono na kwenye shafti, uurudishe palepale. Mkono ule umebana kwenye meno. Tafuta pula, hata ya kuazima Mtwara mjini, kwa maana ukiugonga kwa nyundo pigo linaingia ndani ya boksi na kuumiza beringi. Toa mpira wa vumbi, toa pete ya chuma inayozuia sili, halafu ivute sili kwa ndoano ndogo bila kukwaruza shafti. Sili mpya uipake mafuta yaleyale ya usukani na kuisukuma taratibu, isikae upande.

Mtaniuliza juu ya ile skrubu yenye nati juu ya boksi, maana wako wanaoikaza ili "kuzuia mafuta". Haizuii mafuta. Kazi yake ni kupunguza uchezaji wa usukani, na ukiikaza mno usukani hautarudi wenyewe baada ya kona.

Jambo jingine, usitie mafuta ya breki. Mimi mwenyewe nilikosea hivyo nikiwa safarini na gari la kazi, haidroliki imekwisha na chupa ya breki ndiyo iliyokuwapo. Siku tatu tu, sili zote zikavimba na kulainika. Kilichokuwa tone kikawa mfereji, na badala ya sili moja tukabadili zote pamoja na za pampu. Soma kitabu cha gari. Land Rover hiyo hutumia yale mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki.

Ukishajaza, inua magurudumu ya mbele, zungusha usukani polepole mpaka mwisho huku na huku, injini ikiwa imezimwa, ukiongeza mafuta yanaposhuka. Kisha washa na urudie, bila kuung'ang'aniza usukani mwisho wa mzunguko. Mafuta yakitoa povu, hewa bado imo.

Mafuta machafu yatieni kwenye dumu, si mferejini. Maji yetu yanashuka kwenye mikoko, na huko ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo, na usiende mbali. Ukirudi, lala tena chini na spana mkononi, ujaribu ile nati kubwa na utazame kama kizuizi chake kimekunjwa barabara.