MAZIWA SI DAWA YA SUMU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaonyunyiza dawa katika mashamba ya kahawa na maua)



Twaanza na maziwa, kwa kuwa ndiyo yanayotusumbua kuliko yote. Katika mashamba mengine mnyunyizaji hupewa kikombe cha maziwa jioni, na nyapara humwambia kwamba yataosha sumu. Hayaoshi kitu. Sumu nyingi humwingia kwa ngozi na kwa pumzi, si kwa kinywa: pampu ikivuja mgongoni, shati likalowa, sumu yapita ngozini hali yeye anaendelea na mistari yake. Maziwa ni chakula kizuri, na anayeyatoa twamshukuru, lakini hayawezi kuwa badala ya glavu, buti na ovaroli. Mavazi hayo ni wajibu wa mwajiri kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Sumu tunazoziogopa zaidi ni za jamii ya oganofosfeti. (Sisi huziita "dawa", na jina hilo limewadanganya wengi.) Mtu hutokwa na jasho, mate na machozi, kichwa humuuma, hutapika, mboni za macho huwa ndogo sana, misuli humcheza, kisha pumzi humshinda. Dalili zaweza kuja mara moja, au usiku akiwa nyumbani, watu wakadhani ni malaria.

Mwenzetu akishikwa hivyo, mtoeni penye sumu, mpelekeni upande upepo unakotoka. Anayemsaidia avae glavu. Mvueni nguo zote zilizolowa, hata viatu. Saa hiyo hakuna haya. Mwosheni kwa maji mengi na sabuni, nywele na kucha pia. Jicho likiingiwa, limwagiliwe maji safi dakika 15, si chini ya hapo. Msimtapishe, wala msimnyweshe kitu: aliyelegea akimiminiwa maziwa, yaweza kumwingia mapafuni. Aliyezimia naye bado anapumua, mlazeni kwa ubavu.

Kisha gari. Hapa ndipo tunapogombana na wasimamizi wanaosema mgonjwa angoje saa ya kutoka kazini. Asiyeweza kupumua hangoji. Chukueni na karatasi ya chupa, ili daktari ajue upesi kama atropini yahitajiwa. Karatasi yenye mkanda mwekundu ni ya sumu kali kabisa. Wa manjano wafuata.

Wajumbe wetu watapita kila shamba kuuliza maji ya kuoshea yako wapi, na ni gari gani litakalomchukua mgonjwa. Majibu yaletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.