Dole la Kweli, Maneno ya Uongo

Mhadhara wa umma kuhusu uchunguzi wa miandiko, wino na hati zenye mgogoro



Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hii ni saini yake au si yake?" Huulizwa na wakili, na mjane, na karani, na mara nyingine na hakimu ambaye angependa nimjibu kwa neno moja ili shauri liishe. Swali ni la haki. Lakini likiulizwa peke yake limewapotezea watu ardhi, kwa sababu karatasi yaweza kubeba saini ya kweli na bado ikawa ya uongo.

Mfano mkubwa uko kwenye historia tuliyosoma sote. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Karl Peters na wenzake, Jühlke na Pfeil, walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba. Huko Msovero, Usagara, Chifu Mangungo aliweka alama kwenye karatasi ya Kijerumani iliyosema kwamba anatoa nchi yake na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi kwa msingi wa karatasi hizo, na baadaye mji huu wa Lushoto tuliokaa ukaitwa Wilhelmstal. Shuleni tulifundishwa kumhurumia Mangungo, na wengine walifundishwa kumcheka. Mimi kazi yangu hunifanya nijiulize jambo jingine. Tukiipeleka karatasi ile maabara leo na kuthibitisha kwamba alama ni ya mkono wake, tutakuwa tumethibitisha nini? Kwamba mkono uligusa karatasi. Hadubini haisemi mkalimani alimsomea nini.

Nisimulie la nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliishi upande wa Mlalo, na hakujua kusoma. Alipouguliwa na mtoto, aliuza kipande cha shamba la mlimani kwa jirani, mbele ya mashahidi. Mmoja wao ndiye aliyeandika, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Hapakuwa na kidau cha wino wa mhuri, kwa hiyo mwandishi alimpaka bibi wino wa peni kwenye dole gumba kisha akaligandamiza chini ya maandishi. Nakala ilikuwa moja tu, nayo ikakaa kwa mnunuzi. Miaka ikapita. Siku moja jirani akaanza kulima bondeni, na alipoulizwa akatoa karatasi. Kweli ilisema shamba, ikataja mipaka, na mwishoni ikasema "na bonde la chini hadi kijitoni".

Kwa msioijua milima hii, bonde lenye maji ndilo linalotoa kabichi na karoti wakati wa kiangazi, zile mnazoziona zikishuka kwa malori kwenda Dar es Salaam. Shamba la mlimani lisilo na bonde ni nusu ya shamba. Bibi alilia kwamba bonde hakuliuza. Wakamwuliza: "Dole hili si lako?" Akajibu, "Langu." Wakamwambia basi, maneno yamekwisha.

Nitarudi kwa bibi. Kwanza nieleze sisi tunaochunguza hati tunatazama nini.

Hatutazami uzuri wa herufi. Tunatazama mwendo. Mtu anayeandika jina lake haandiki herufi, anapita njia aliyoizoea: kalamu hushuka ikiwa imeshaanza kwenda, hupunguza uzito kwenye mikunjo, huinuka bado ikiwa mbioni. Anayeiga huchora. Mstari wake una unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, una mtetemo mdogo, una vituo mahali ambapo hakuna mtu angesimama. Kwa hiyo saini inayofanana mno na nyingine, mstari juu ya mstari, hututia shaka zaidi kuliko inayotofautiana kidogo. Hakuna binadamu anayetia saini mara mbili sawasawa. Na mzee anayetetemeka kwa ugonjwa ana mtetemo wake, usiofanana na wa mwigaji: wa mgonjwa hauchagui mahali, wa mwigaji huja pale penye ugumu.

Kisha kuna jambo ambalo wanagenzi hulikosea sana. Mwandiko una sehemu mbili, ile uliyopewa na mwalimu na ile uliyoizua mwenyewe bila kujua. Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ufungue majalada ya enzi ya Mjerumani. Utakuta mwandiko ambao herufi "e" inafanana na "n" na "u" imevikwa kijimkunjo kichwani. Asiyejua atasema hati kumi zimeandikwa na mtu mmoja. Si kweli, zimeandikwa na watu kumi waliofundishwa mwandiko mmoja. Vivyo hivyo makarani wetu wa zamani. Aliyeanza chuoni kwa herufi za Kiarabu, kama Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia mtawala Semboja wa Mazinde na baadaye akaandika Habari za Wakilindi, mkono wake ulizoea kwenda kushoto. Aliyesoma shule ya serikali ya Tanga chini ya Wajerumani alizoea njia nyingine, na aliyejifunza kwa kalamu ya kuchovya katika miaka ya 1950 njia nyingine tena. Mchunguzi asiyejua shule za nchi yake atamfunga mtu kwa kosa la mwalimu.

Wino nao una historia, na hapo ndipo waghushi wengi huanguka. Waandishi wa pwani waliandika kwa wino wa masizi na kalamu ya tete. Masizi ni kaboni, hayapauki. Ofisi za Ulaya zilitumia wino wa chuma na tanini, ambao huandika kwa rangi hafifu, hukolea kadiri unavyokutana na hewa, na baada ya miongo mingi huweza kuila karatasi. Peni ya biro ni ya juzi: László Bíró, Mhungari, alisajili uvumbuzi wake 1938, na peni hizo zikaanza kuuzwa kwa wingi katikati ya miaka ya 1940. Peni ya jeli ilianzia Japani mwaka 1984. Kwa hiyo mtu akikuletea hati ya shamba ya 1974, ya wakati wa Operesheni Vijiji, iliyoandikwa kwa peni ya jeli, huhitaji kumwuliza mengi.

Lakini msidanganywe na anayedai wino utamtajia mwezi na mwaka. Kiyeyushi kilichomo ndani ya wino wa biro huendelea kupotea hewani kwa miezi, hadi takriban miaka miwili. Baada ya hapo saa hiyo imesimama. Tunachoweza kwa uhakika zaidi ni kutofautisha wino na wino. Buluu mbili ambazo jicho haliwezi kuzitenga, ukizimulika kwa mwanga wa infraredi moja yaweza kutoweka kabisa na nyingine ikabaki nyeusi. Namba 1 iliyogeuzwa kuwa 4, sifuri iliyoongezwa mwishoni mwa bei, huonekana hapo kama mchana.

Sheria yetu ilijua habari za wino mapema. Kanuni za wosia katika tangazo la sheria za mila la 1963 zinataka wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe chapa. Zinataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Na kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Napenda sana kanuni hiyo ya wanne. Aliyeitunga alielewa kwamba kwa asiyesoma hatari haiko kwenye dole, iko kwenye sauti ya anayemsomea. Mangungo angekuwa na mashahidi wanne wa kumsikilizia, wawili wakiwa watu wasiogawana naye kitu, huenda tungekuwa tunasimulia mengine. Mauziano ya shamba hayakuwekewa ulinzi wa namna hiyo pale bibi yangu alipopakwa wino wa peni.

Sasa suala la sampuli. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza kuwa limepata shajara za Hitler. Wataalamu wa miandiko walizilinganisha na maandishi ya Hitler wakasema mkono ni mmoja. Na kweli ulikuwa mmoja, kwa sababu miongoni mwa maandishi waliyopewa ya kulinganishia yalikuwemo ya mghushi yuleyule, Konrad Kujau. Karatasi ndiyo iliyomuumbua: ilikuwa na kemikali za kung'arisha ambazo hazikuwamo katika karatasi za wakati wa vita. Tangu hapo mimi kila nikiletewa faili nauliza kwanza, hizi saini za kulinganishia zimetoka wapi, na nani ameona zikiandikwa?

Nchi yetu imekuwa na darasa lake. Aprili 2014, wakati wa Bunge Maalum la Katiba, Hati ya Muungano iliyotiwa saini 22 Aprili 1964 ilibishaniwa. Serikali ikaitoa hadharani, na baadhi ya watu wakahoji saini zilizomo. Sina nia ya kuamua ubishi ule hapa. Ninachokumbuka ni watu wazima, wasomi, wakiwa wamelaza magazeti mawili mezani na kulinganisha saini kwenye picha. Picha ya gazeti haina uzito wa kalamu, haina kina, haionyeshi mstari upi ulitangulia. Na mtu hubadilika: saini yake ya mwaka huu ilinganishwe na za miaka ileile, za hati za aina ileile, na ikibidi nyingi, si moja. Fotokopi hivyo hivyo. Mara ngapi nimeletewa kivuli cha kivuli nikaambiwa niseme!

Kuna ughushi mwingine usiohitaji hadubini kabisa. Uhakiki wa vyeti wa 2017 ulitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waligunduliwa kwa kulinganisha cheti na kumbukumbu za aliyekitoa. Daftari la mtoaji ndilo shahidi mkuu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kijiji kinachoandikisha kila mauziano katika daftari lake, kikabaki na nakala yake, kimewapunguzia mahakimu nusu ya mashauri.

Makarani, hapa nawasemesha ninyi. Hati yenye mgogoro ikifika mikononi mwenu, ndiyo imefika maabara tayari, hata kama itachukua miezi kufika kwa wataalamu wa polisi Dar es Salaam. Msiitoboe kwa stepla juu ya maandishi. Msiandike namba ya kielelezo mkiwa mmeiweka juu ya karatasi nyingine yenye mgogoro, maana uzito wa kalamu huchapa chini, na sisi tuna njia za kusoma michapo hiyo ambayo jicho halioni, mtatuchanganyia ushahidi. Msiikunje upya. Na wananchi, acheni kuzipeleka hati zenu kupigwa laminesheni. Joto na gundi ya plastiki huharibu wino, na huzika kina cha kalamu moja kwa moja. Bahasha kavu, mbali na moshi na panya, inatosha.

Mahakimu nanyi mna mamlaka yenu. Sheria ya Ushahidi ya 1967, iliyorithi mengi kutoka ile ya India ya 1872, inaruhusu maoni ya mtaalamu wa miandiko, na inaruhusu pia anayeufahamu mwandiko wa mtu aueleze. Maoni yangu ni maoni. Hayawafungi. Ila nawaomba mtudai lugha ya kweli. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, na Kiswahili kina ngazi za kutosha: huenda, yaelekea, yamkini, haina shaka. Mtaalamu anayejua neno moja tu, "ndiyo", mwulizeni tena.

Basi karatasi ya bibi. Nilikuwa nimeanza tu kujifunza kazi hii, na kwa kuwa ni mjukuu wake sikustahili kuwa shahidi. Niliomba baraza lililosikiliza shauri jambo moja: hati ipelekwe kwa mchunguzi asiye na undugu na upande wowote, naye aulizwe si kama dole ni lake, bali mstari wa mwisho uliandikwa lini ukilinganishwa na maandishi mengine. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imekatika nyuzi kwa miaka ya kukaa mfukoni na sandukuni. Maandishi ya juu yalipita juu ya mikunjo yakiwa safi; karatasi ilikuwa bado nzima yalipoandikwa. Lakini maneno "na bonde la chini hadi kijitoni" yalipofika kwenye mkunjo wino ulizama ndani ya nyuzi zilizokatika, ukasambaa, kisha ukaruka. Na mkia wa neno la mwisho ulikuwa umebanwa ili usiguse dole, kwa sababu dole lilikuwa limeshakuwapo.

Bonde lilirudi. Nilipokwenda kumweleza, alikuwa amekaa kizingitini akimenya maharage mabichi. Hakuuliza habari za mwanga wala za mikunjo. Alitaka kujua kama dole lake bado liko kwenye karatasi ile. Nikamwambia liko, kwenye faili la baraza. Akafikiri kidogo, kisha akasema niwaambie waiweke vizuri, na wasiikunje tena.