HADITHI MBILI ZA MGOMO ZILIZOTUTOA MACHOZI

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi na mmoja wa wafanya kazi wa njia ya reli)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kusoma vitabu vya hadithi. Wengine wenu walicheka walipoona jambo hili katika orodha ya mkutano. Walisema, mtu wa gengi, ambaye kutwa ameshika nyundo na mtaimbo, atasema nini juu ya vitabu? Hatukukasirika. Sisi tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukaishia hapo. Vitabu tulivyovijua ni Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha hesabu. Tulipoingia kazini tukajua na kitabu cha kanuni, ambacho hufunguliwa siku mtu anaposhtakiwa. Hatukudhani ya kuwa kuna kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Basi tusikilizeni. Katika landhi yetu tuko watu watano tunaosoma pamoja kila Jumapili jioni. Wawili ni wa gengi, mmoja ni fundi wa karakana, mmoja ni gadi, na mmoja ni karani wa mizigo. Karani ndiye ajuaye Kiingereza vizuri kuliko sisi. Yeye husoma ukurasa mmoja, kisha hutueleza kwa Kiswahili, nasi huuliza maswali mpaka sote tumeelewa. Kwa njia hii kitabu kimoja chaweza kutuchukua miezi minne. Lakini mkate uliotafunwa polepole ndio ushibishao.

Leo tutasema juu ya vitabu viwili tu. Vyote viwili vina habari za mgomo.

Kitabu cha kwanza kiliandikwa na Sembène Ousmane, mtu wa Senegali aliyezaliwa mwaka 1923 akafa mwaka 2007. Huyu hakuwa bwana wa chuo kikuu. Alikuwa kuli wa bandarini huko Marseille, Ufaransa, na mwanachama wa chama cha wafanya kazi kama sisi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960 kwa Kifaransa, nacho kinaitwa Les bouts de bois de Dieu, yaani Vijiti vya Mungu. Maana ya jina hilo ni kwamba watu wa huko hawapendi kuhesabu watu kwa kusema mtu mmoja, watu wawili, wasije wakapunguza maisha yao. Kwa hiyo husema vijiti. Hata kwetu wazee wengi hawataki watoto wao wahesabiwe, ndiyo sababu jina hilo halikutushangaza.

Hadithi hiyo ina msingi wa kweli. Tarehe 10 Oktoba 1947 wafanya kazi Waafrika wa reli ya kutoka Dakar mpaka nchi ya Mali ya leo waliweka vyombo chini. Njia hiyo ni ndefu, inapita kilometa 1,200. Walitaka wasibaguliwe na Wazungu katika vyeo na malipo, na walitaka posho ya familia. Hawakurudi kazini mpaka tarehe 19 Machi 1948. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miezi mitano. Waliporudi walikuwa wamepata sehemu kubwa ya madai yao. Kiongozi wao wa kweli alikuwa Ibrahima Sarr. Katika hadithi, kiongozi anaitwa Bakayoko.

Nasi watu wa Kenya tusijione kuwa wageni wa mambo hayo. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, wafanya kazi wa Mombasa waligoma, wa bandarini na wa reli pamoja, mji ukanyamaza. Walikuwa hawajuani na wale wa Dakar, lakini njaa yao ilikuwa moja.

Sasa twaja kwenye habari yenyewe. Tulipoanza kusoma tulidhani kitabu hiki kitakuwa cha wanaume, cha hotuba na polisi. Hotuba zimo na polisi wamo. Lakini karani alipozidi kufunua kurasa tuliona ya kuwa wanaobeba mgomo ni wanawake. Maji yanakatwa. Wenye maduka wanakataa kukopesha mchele. Wanaume wanakaa katika mikutano, na wanawake wanatembea toka kisima hata kisima na mikebe mitupu. Yumo mama mmoja, Ramatoulaye, mwenye nyumba iliyojaa watoto wenye njaa. Kaka yake ni tajiri, amekataa kumdhamini kwa gunia la mchele, na kondoo wake dume amenenepa. Siku moja kondoo huyo anaingia katika nyumba ya dada na kula chakula kidogo cha watoto. Mama yule, ambaye maisha yake yote alikuwa mpole, anamchinja kondoo yule kwa mkono wake. Polisi wakaja, wala hakuogopa.

Yumo na Maïmouna, mwanamke kipofu, mama wa mapacha, ambaye mtoto wake mmoja anakufa katika ghasia za siku ya kwanza ya mgomo. Yumo na Penda, mwanamke ambaye watu walimdharau kwa mwenendo wake. Huyu ndiye anayewaongoza wanawake kutembea kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar, siku baada ya siku katika jua, na anapigwa risasi mlangoni mwa mji. Jioni ile tuliposoma kifo cha Penda, gadi wetu, mtu mzima mwenye ndevu, alitoka nje akasema anakwenda kutazama mvua. Mvua haikuwapo.

Tulilia, ndugu zetu, hatufichi. Lakini machozi yale yalikuwa mepesi, kwa sababu tulimlilia mwanamke wa mbali. Kitabu cha pili ndicho kilichotushika mashati.

Kitabu hicho ni Weep Not, Child, yaani Usilie, Mtoto. Kiliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, mwenzetu wa Limuru, aliyezaliwa mwaka 1938 akafariki mwaka 2025. Kilitoka mwaka 1964. Ndani yake yumo mzee Ngotho, kibarua wa mlowezi mmoja. Mgomo unatangazwa. Mlowezi amekwisha kuonya ya kuwa atakayegoma atapoteza kazi. Ngotho anataka kugoma, kwa kuwa nchi ile anayolima kwa mshahara ilikuwa ya baba zake. Mkewe, Nyokabi, anamwuliza swali: mgomo ukishindwa, itakuwaje? Ngotho anamkemea anyamaze. Nyokabi anauliza tena. Ngotho anampiga kofi mbele ya mtoto wao.

Karani alifunga kitabu, akakiweka juu ya meza. Hakuna aliyesema neno. Fundi alikuwa akitazama miguu yake.

Ndugu wanachama, tutawaambia kwa nini tulinyamaza. Mmoja wetu katika wale watano alipita katika jambo hili hili. Hatutataja jina lake, ila yumo humu ndani leo, na ndiye anayesema nanyi. Wakati fulani tuligoma siku tisa. Wengi wenu mlikuwapo. Siku za kwanza zilikuwa za nyimbo. Usiku wa siku ya tatu mke aliuliza, akasema, "Baba watoto, na mkishindwa, hawa watakula nini?" Yeye hakupigwa kofi, la. Alijibiwa, "Mambo ya chama si mambo ya jikoni." Tulipotoa jibu hilo tuliona tumejibu kiume. Kumbe neno nalo lina kiganja.

Mgomo ule haukufika popote, mnajua. Tulirudi kazini mikono mitupu na mshahara wa siku tisa ukakatwa. Lakini nyumbani watoto walikuwa wamekula kila siku, wala hatukuuliza chakula kilitoka wapi. Ilipita miezi mitatu ndipo tulipotaka suruali ishonwe, tukaiona pembe ya nyumba iko tupu. Cherehani haipo. Mke alikuwa na cherehani aliyoinunua mwenyewe kwa kushonea watu nguo za watoto, senti kwa senti, tangu kabla hatujamwoa. Tulipouliza iko wapi, alijibu taratibu, "Siku zile tisa mlidhani mnakula nini?"

Basi mnaona. Tulimlilia Ramatoulaye wa Dakar, na Ramatoulaye wetu alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia akimnyonyesha mtoto. Tulimwona Ngotho kuwa mtu mkali, na Ngotho alikuwa amevaa kofia yetu.

Hapa ndipo tulipojifunza faida ya kitabu cha hadithi. Mhubiri akikwambia umekosa, waweza kukasirika. Mwenzio akikwambia, waweza kumjibu kwa makosa yake. Lakini hadithi haikutaji jina. Inakuonyesha mtu mwingine, unamhukumu, na ukiisha kumhukumu unaona umejihukumu mwenyewe. Ndivyo nabii Nathani alivyomfanyia Mfalme Daudi kwa habari ya kondoo mmoja wa maskini. Mambo haya si mageni.

Jambo kubwa tulilolipata ni hili. Swali la Nyokabi si swali la usaliti. Sisi katika chama tumezoea kumwona mwenye kuuliza hivyo kuwa mwoga, au mtu aliyenunuliwa na mwajiri. Sivyo. Katika hadithi ya Ngũgĩ mgomo ulishindwa kweli, na mzee Ngotho akapoteza kazi na mahali pa kukaa. Nyokabi aliona mbele. Na wale wa reli ya Dakar hawakudumu miezi mitano kwa sababu mioyo yao ilikuwa ya chuma. Walidumu kwa sababu swali la chungu lilipata watu wa kulijibu, na wanawake walikuwa wenye mgomo kama wanaume.

Tena kuna yule mwenzetu aliyerudi kazini siku ya sita. Mnakumbuka tulivyomfanyia. Hatukumsalimu mwaka mzima, na chai yake aliinywa peke yake kando ya reli. Katika kitabu cha Sembène mna mtu kama yeye, Diara, ambaye wagomaji wanamhukumu mbele ya watu. Lakini mzee Fa Keïta anasimama na kuwaonya wasimfedheheshe mtu, kwa kuwa mkimvunjia mtu heshima yake mmekuwa kama wale mnaopigana nao. Tuliposoma hayo tulijiuliza: yule mwenzetu wa siku ya sita, nyumbani kwake swali lilijibiwa na nani? Mtoto wake alikuwa mgonjwa. Sisi tulijua, wala hakuna aliyekwenda na hata kibaba cha unga. Jumapili iliyofuata watu wawili kati yetu walikwenda kumwamkia. Alifungua mlango, akatutazama kitambo, kisha akatuita ndani.

Twasema haya tukijua ya kuwa kitabu si dawa. Mtu aweza kulia juu ya kitabu Jumapili, na Jumatatu akamtukana kibarua mpya. Machozi ya Jumapili hayajazi sufuria ya Jumatatu. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, hatukuja na machozi tu. Tumekuja na maombi matatu.

La kwanza. Kabla ya kupiga kura ya mgomo siku yoyote ijayo, uitwe mkutano wa wanachama pamoja na wake zao, na wanachama wanawake pamoja na waume zao. Swali la Nyokabi liulizwe pale mbele ya wote, nao viongozi walijibu kwa hesabu, wala si kwa nyimbo.

La pili. Tawi letu liwe na mfuko wa dhiki. Kila mwanachama atoe kidogo kila mwezi, na hesabu isomwe mkutanoni kila mwezi bila kufichwa. Mfuko ukiwapo, mtu wa siku ya sita atakuwa na mahali pa kubisha hodi kabla hajarudi kwa mwajiri.

La tatu. Wenye kupenda kusoma waje Jumapili jioni. Asiyejua Kiingereza aje, asiyejua kusoma aje vile vile, maana masikio anayo. Akina mama waje. Tangu mwezi uliopita wake zetu wawili wamekaa nasi, na wao ndio wanaouliza maswali magumu kuliko yetu.

Tumalize kwa neno moja juu ya Nyokabi. Mwishoni mwa kile kitabu mwanawe, Njoroge, amepoteza kila kitu: baba, shule, na msichana aliyempenda. Anakwenda gizani ili ajiue. Anayemtafuta usiku ule, ameshika kijinga cha moto mkononi kimulike njia, na anayeita jina lake mpaka anarudi, ni mama yake. Ni yule yule aliyepigwa kofi kwa kuuliza.

Na cherehani? Tunaweka akiba. Bado kidogo. Mwenyewe amesema tusimletee mpya ya kung'aa, atafutiwe ile ile yake, kwa sababu anaijua sauti yake. Aliyeinunua yuko mtaa wa pili, na tumekwisha kuzungumza naye.