Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo ni Amana, Wala si Mkosi

 



Leo nimekusudia kuzungumzia amana ambayo baadhi yetu tunaificha chumbani. Katika mitaa yetu ya Mbagala, Tandika na Tandale wapo watoto wa miaka mitatu, minne na zaidi ambao hawajakaa wala kusimama. Mgeni akija, mlango wa chumba hufungwa. Mama ndiye ambebaye, ndiye amlishaye, na mara nyingi ndiye pekee anayelaumiwa.

Nini mtindio wa ubongo?

Ni vema ikaeleweka kuwa mtindio wa ubongo hutokana na dhara lililoupata ubongo ungali mchanga, kabla ya kuzaliwa, wakati wa uzazi au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Miongoni mwa sababu zake ni mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi mgumu, kuzaliwa njiti, manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Jambo hili si geni kwa matabibu: mwaka 1861, William John Little aliwaeleza wenzake wa London uhusiano uliopo kati ya uzazi mgumu na kukakamaa kwa viungo vya mtoto. Dhara hilo haliambukizi, wala haliendelei kuula ubongo. Na wengi wa watoto hawa wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka.

Kwa hiyo, mwenye kusema kuwa mtoto huyu ni jini, au ni adhabu ya dhambi ya mama yake, amesema asilolijua. Naye mwenye kumzungusha kwa waganga, hirizi juu ya hirizi, anapoteza mali, anaihatarisha imani yake na, juu ya hayo, anapoteza wakati wa mtoto.

Wakati ndio mtaji

Ndugu zangu, nalisisitiza hili la wakati. Utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2002, baada ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 600, ulionesha kuwa sehemu kubwa ya uwezo wa mwili ambao mtoto wa aina hii ataupata huwa ameshaupata afikapo kiasi cha miaka mitano, na mwenye hali nzito huwa ameufikia hata kabla ya miaka mitatu. Basi mwaka mmoja wa kusubiri si kitu kidogo.

Mzazi azitazame dalili. Shingo haijakaza mtoto akiwa na miezi minne. Ngumi zimefumbwa daima. Miguu inapishana kama mkasi. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Miezi tisa imepita naye hajakaa. Akiziona, ampeleke kwa tabibu. Hapa Dar es Salaam tunayo Hospitali ya Taifa Muhimbili, na tunayo CCBRT iliyopo Msasani, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo huwahudumia watoto hawa kwa mazoezi tiba.

Dua ni silaha ya Muumini na hatuiachi. Lakini Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake kwa kutawakali aliamrishwa amfunge kwanza. Mazoezi ndiyo kamba ya ngamia wetu.

Kazi iko nyumbani

Mtaalamu humwona mtoto kwa muda mfupi. Siku zilizobaki ni za wazazi. Kumnyoosha viungo taratibu bila kumlazimisha, kumlaza kifudifudi juu ya mkeka ili ainue kichwa, kumkalisha katika beseni lililozungushiwa kanga, kumpa kitu akishike kwa mikono miwili: haya hufanywa kila siku, kama alivyoelekeza mtaalamu. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuchonga kiti chenye mkanda kwa vipimo atakavyopewa. Na tunapomlisha, tumkalishe wima. Kumlaza chali na kummiminia uji humpalia, na chakula kikiingia mapafuni huweza kumuua.

Wala tusimpime kwa mtoto wa jirani. Yule kutembea kwake kwa miezi kumi na minne ni hatua; huyu wetu kukaza shingo kwa miaka miwili nayo ni hatua. Yupo atakayetembea, yupo atakayetembea kwa magongo, na yupo atakayehitaji kiti cha magurudumu umri wake wote. Lengo la tiba ni kila mmoja afikie ukomo wa uwezo wake, wala si kuufuta mtindio. Mzazi aliyeahidiwa muujiza hukata tamaa mapema. Mzazi aliyeelezwa ukweli hudumu.

Akina baba na waumini

Enyi akina baba! Mtoto wa miaka sita ana uzito. Mama humfunga mgongoni kutoka Chamazi hadi Msasani, daladala mbili au tatu, na wakati mwingine kondakta hamtaki. Iko wapi nguvu aliyokupa Allah (s.w.)? Kumwacha mke kwa sababu ya mtoto mliyeruzukiwa wote wawili ni dhulma iliyo wazi.

Nasi walimu wa madrasa tusimrudishe mtoto huyu mlangoni. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Surat Abasa, akawa mwadhini, na Mtume (s.a.w.) alimwachia usimamizi wa Madina aliposafiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inawatambulia haki ya elimu na matibabu. Msikiti unaochangia zulia jipya hauwezi kushindwa na nauli ya mama mmoja kwa wiki.

Basi kila mmoja wetu akitoka hapa aulize katika mtaa wake: yupo nani nyuma ya mlango uliofungwa? Namwomba Allah (s.w.) awape wazazi hawa subira, awalipe ujira usio na kikomo, na atujaalie tuwe wepesi wa kuubeba mzigo pamoja nao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.